Nilivyokwenda Mikumi Kumwita Mtani wa Babu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kisimani au mashineni ananiuliza, "Siwema, hebu tuambie, ilikuwaje huko?" Mnanijua nilivyo. Mkinizunguka watu watatu tu, maneno yananikimbia, nabaki kuchora chini kwa kidole cha mguu. Kwa hiyo nimeandika. Nimeandika polepole, mchana baada ya palizi, na mwenye haraka avumilie.

Kwa wenzangu wa Kimamba mjini ambao hamkuwepo, nianzie nyuma kidogo. Babu yangu alitoka Unyamwezi akiwa kijana, akaja kukata mkonge katika shamba kubwa hapa kwetu Kambi Nne. Shamba lilipokufa, wenyewe wakaondoka, mkonge ukageuka pori. Babu na wenzake hawakuondoka. Walifyeka, wakapanda mahindi, ufuta, na huku bondeni mpunga. Alipofariki alizikwa ukingoni mwa shamba, pamoja na wenzake waliotangulia. Mimi nimezaliwa hapo, na baba yangu alizaliwa hapo.

Mwaka jana akaja mwekezaji mpya. Tukaambiwa ardhi yote ile ni yake, tuvune tuondoke, na kwamba sisi tangu mwanzo tulikuwa wageni tu waliosahau kurudi kwao. Vijana waliopaza sauti mkutanoni walichukuliwa wakalazwa kituo cha polisi, wakarudi kimya. Halafu wakaja na habari ya makaburi. Greda ilitaka kupita pale, kufungua njia ya kwenda bondeni. Meneja wa kampuni, mwanamume mwembamba mwenye miwani ya jua, akatuambia kwa upole kwamba marehemu wetu watahamishwa kwa heshima zote, wajengewe kwa saruji sehemu nyingine. Hakuna asiyeelewa pale. Makaburi yakiondoka leo, kesho trekta liko ndani ya mpunga.

Hakuna aliyethubutu kusema hapana. Ndipo bibi yangu akasimama, ameshikilia fimbo yake.

"Hatukatai, mwanangu. Ila kaburi la mtu wetu halifunguliwi na mtu yeyote tu. Linafunguliwa na mtani aliyelifunga. Vinginevyo mtakuwa mmefukua, hamjahamisha."

Meneja akatabasamu. "Mila tunaziheshimu, bibi. Mleteni huyo mtani. Ijumaa tunaanza kazi, awepo asiwepo."

Mtani aliyemzika babu ni Mzee Ndahani, Mgogo, kabila la watani wetu, waliyekata naye mkonge. Alishahamia Mikumi kwa binti yake, na simu yake ilikuwa haipatikani. Mtani huitwa na damu ya marehemu, na damu ya babu iliyobaki hapa Kambi Nne ni mimi peke yangu, maana bibi ni mke, tena magoti yake hayafiki hata Kimamba. Hivyo ndivyo mtu asiyeweza kuomba chumvi kwa jirani alivyotumwa kumleta mzee wa watu.

Kambi Nne mpaka Kimamba

Niliondoka Jumatano alfajiri kwa baiskeli ya jirani, ile ambayo mnyororo unatoka kila unapokutana na jiwe. Bibi alinifungia mihogo ya kuchemsha na karanga, akanisindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho.

"Umwite kama mtani anavyoitwa," akasema.

"Ndiyo, bibi."

Sikumwuliza anaitwaje. Nilidhani ni jambo la kupiga goti na kusema kwa adabu.

Njia ya zamani ya kwenda Kimamba haipitiki tena. Kampuni imechimba mtaro mrefu kuzunguka shamba lote, kina chake kinazidi urefu wangu, ili ng'ombe na watu wasivuke. Nikazunguka na baiskeli yangu kando ya ule mtaro, jua likanikuta hata sijaanza safari yenyewe. Kwa upande wa pili niliona matikiti ya Mama Zuhura yakiiva peke yake. Yapo, anayaona, hawezi kuyafikia. Nilisimama nikayaangalia kidogo, kisha nikavua viatu, nikateremka mtaroni, nikapanda upande wa pili kwa kushika mizizi, nikachuma moja. Nililila palepale na maji yake yakanichuruzika mpaka viwikoni. Sijui kama huo ni wizi. Kama ni wizi, Mama Zuhura amenisamehe, mwenye mtaro sikumwomba.

Kimamba niliacha baiskeli kwa fundi, nikapanda bodaboda mpaka Kilosa.

Kilosa

Hapa hakuna la kusimulia isipokuwa kungoja. Gari la Mikumi linaondoka likijaa, na utingo wake kila baada ya muda alipiga bodi kwa kiganja akasema, "Tunaondoka sasa hivi, mguu ndani, mguu ndani!" Tukiingia, anazima injini anakwenda kunywa chai. Treni ya umeme ilipita kule kwenye tuta lake, tukaigeukia wote, ikatoweka kabla hatujamaliza kugeuka, nasi tukarudi kwenye kungoja kwetu.

Mzee mmoja aliyebeba mtoto wa mbuzi akamwambia utingo, "Kijana, mbuzi huyu nilimpandisha akiwa hajaota pembe."

"Shikamoo mzee. Ukifika Mikumi utamuuza kwa bei ya beberu, nitakudai faida."

Mwisho gari halikujaa. Tukahamishiwa kwenye Fuso lililobeba magunia ya mpunga na matenga ya vitunguu, nami nikapata nafasi juu ya magunia, karibu na mbuzi.

Ulaya

Tulifika Ulaya, kile kijiji cha njiani, siku ya gulio. Dereva akasema anashusha vitunguu mara moja, na mara moja ile ikawa mchana mzima. Njaa ilikuwa imenishika, nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa anauza wali na maharage. Sufuria zilikuwa zinatoa mvuke.

"Shikamoo mama. Naomba wali."

Akaniangalia kifuani, akaniangalia mgongoni. "Chakula kimekwisha."

Nikatazama sufuria. Naye akatazama sufuria, akaifunika.

Nikaenda kwa wa pili, aliyekuwa na mihogo ya kukaanga. Yeye hata hakujibu salamu. Aliwaambia wenzake kwa sauti, "Safari hii wametuletea mtoto wa kike. Wanadhani tutamwonea huruma." Kijana aliyekuwa anatengeneza viatu akanipigia mluzi, "Dada, umekuja kupima nini tena? Choo bado hakijapimwa!" Gulio zima likacheka.

Mtu mwingine angeuliza kulikoni. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ndiyo ushahidi. Nilikwenda nikasimama nyuma ya kibanda nikiwa nimeumia, na pale ndipo nilipoitambua nguo yangu. Kampuni iligawa fulana kwenye mkutano wa kwanza, kabla hatujajua walichokuja nacho, na ile ndiyo nguo yangu mpya kuliko zote. Mgongoni ina jina lao kwa herufi kubwa, na kifuani ina jani la kijani. Niliivaa kwa sababu nilikuwa nakwenda kwa mzee wa watu, nikataka nionekane nadhifu.

Niliivua nikaigeuza, mshono nje, nikarudi kwa yule mama wa kwanza. Nikamwambia, "Mama, mimi si mtu wao. Wametaka kumfukua babu yangu. Hii walitugawia."

Akanitazama mshono, kisha akapiga makofi. "Maskini! Kumbe na nyinyi mmevalishwa?" Akaniwekea wali mpaka sahani ikashindwa. Nilipokuwa nakula akanihadithia. Yeye anatoka kijiji cha ndani huko, na kwao pia walikuja watu wenye fulana. Walisema watapanda miti ya mafuta, kila nyumba itapata kazi. Wakaweka vigingi, wakaweka mlinzi, halafu hawakupanda kitu.

"Ni mashamba ya mama yangu yale," akasema. "Sasa ni pori, nguruwe wamehamia, usiku wanatoka kwenye shamba la mwekezaji wanakuja kumaliza kale kabustani kangu. Nikienda kuwafukuza, mlinzi ananiambia nimeingia mali ya mtu. Nguruwe hawaingii mali ya mtu, mimi ndiye ninayeingia!"

"Mlikubali?" nikamwuliza.

"Tulisaini mahudhurio, mwanangu. Tuliambiwa ni mahudhurio." Akasugua sahani kwa nguvu. "Nyinyi msikubali hata soda. Ukinywa soda yao, wanasema ulishukuru."

Hakuchukua hela yangu. Nilipopanda Fuso yule fundi viatu akapiga tena mluzi, safari hii akanirushia chungwa.

Mikumi

Tuliingia Mikumi jua likizama. Barabara kuu ile haipumziki. Malori ya kwenda Iringa na ya kutoka Iringa yanapishana, na wauza vitunguu wanakimbia kando yake kama wanaoaga ndugu. Niliuliza nyumba ya Mama Neema, yule binti yake anayepikia madereva, nikaonyeshwa. Na uani, kwenye kiti cha kamba, alikuwa amekaa mzee mfupi, masikio yake yametobolewa kwa mtindo wa zamani wa Kigogo, anapepeta karanga zake mwenyewe kwa kupuliza.

Nikapiga goti mpaka chini. "Shikamoo babu."

Akaacha kupuliza. "Wewe nani?"

"Mimi ni Siwema, mjukuu wa marehemu Mzee Kalunde wa Kambi Nne."

"Wa nani?"

"Wa Mzee Kalunde. Ulimzika wewe."

Akarudi kwenye karanga zake. "Mimi simjui mtu mwenye mjukuu wa namna hii. Mama Neema! Mpe mgeni chakula. Akishashiba, mwonyeshe magari ya kurudi yanapopita."

Nilidhani masikio yamekwisha, nikarudia kwa sauti zaidi, bado nimepiga goti. Nikamweleza habari ya makaburi, ya Ijumaa, ya Meneja. Nilimwita babu, nikamwita mheshimiwa, nikamwambia bibi anamsalimu kwa heshima kubwa. Kila neno la heshima nililolitia lilimfanya azidi kugeuka, mpaka mwisho nikawa nazungumza na kisogo.

Mama Neema alinipa ugali na mlenda. Nilimwuliza kama baba yake ana kinyongo na familia yetu, labda kuna msiba wake ambao hatukwenda. Akacheka tu. "Mimi sitii mdomo. Mambo ya baba na Wanyamwezi wake siyawezi. Lala, kesho utamjaribu tena."

Alhamisi asubuhi nilifagia ua wote. Nikachota maji. Nikamchemshia mzee uji, nikampelekea kwa mikono miwili. Alikunywa, akatazama juu, akasema, "Mgeni huyu anajua kazi. Kwao wana bahati." Mgeni! Jua lilikuwa linapanda, Ijumaa inakuja, na mimi nasifiwa kwa ufagio.

Lori moja likaegesha. Akashuka dereva, mtu mzima mnene mwenye lafudhi ya Kinyamwezi, hata hajafunga mlango akapiga kelele: "We Mgogo! Bado hujafa? Nimeleta jembe bure basi!"

Nikashtuka. Nikamtazama mzee nikidhani atainuka na fimbo. Uso wake ulikuwa umechanua kama wa mtoto aliyeona mama yake.

"Nife nimwachie nani mtumwa kama wewe?" akajibu. "Mpagazi mkubwa! Siku hizi wamekupandisha kwenye gari, kichwa kimepoa, huna hata aibu. Mzigo uko wapi?"

"Mzigo nimekuletea bakuli jipya. Lile la kuombea si limetoboka?"

"Leta. Na wewe ukale, Mama Neema amepika chakula cha watu, michembe yenu ya viazi vikavu hakuna."

Wakashikana mikono wakitukanana mpaka mezani. Nilisimama na ufagio wangu nikaelewa. Nilikuwa nimemsalimu mtani wa babu kama mtu anayemsalimu karani wa kodi. Nimemfunga nje kwa adabu yangu. Kwake yeye, mjukuu wa Kalunde anayempigia goti ni mtu asiyejua kama kuna undugu, na mtu wa hivyo ana haki gani ya kumwita kaburini?

Nilielewa, lakini kufanya ni kingine. Maisha yangu yote sijamwambia mtu mzima neno baya. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajaribu kwa sauti ndogo, mbele ya kuku. Kuku hawakustuka. Nikarudi. Mzee na dereva walikuwa wanakula. Nikasimama mbele yao, nikashika ule ufagio kama fimbo ya bibi.

"Wewe Ndahani," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba mno. "Bwana wako Kalunde amenituma. Anasema ulimfukia kama mtu anayefukia kiazi, kwa sababu ulikuwa unawahi pilau la msiba. Sasa watu wamemwona kirahisi wanataka kumfukua. Inuka ukalinde kazi yako. Au mikono yako siku hizi inaweza kuomba tu?"

Dereva alikuwa na tonge hewani. Mzee akaanza kutikisika mabega, nikadhani nimemwua. Kumbe ni kicheko, kilianzia tumboni kikachelewa kufika mdomoni, kilipofika akapaliwa na Mama Neema akaja kumpiga mgongo.

"Mama Neema!" akasema, machozi yanamtoka. "Leta begi langu. Mwenyewe amekuja! Jana kulikuwa na mgeni hapa anasumbua watu na shikamoo zake, nilikuwa siwezi hata kulala. Mtoto, mbona ulichelewa hivyo?"

Mto Miyombo

Dereva alikuwa anaelekea Iringa, kwa hiyo tukapanda gari dogo la kurudi Kilosa. Njia nzima Mzee Ndahani alinitukana kwa furaha, na kila nikikosa jibu ananigonga kiwiko: "Jibu! Kwenu mmefundishwa kubeba tu?" Nilipopata jibu zuri aliwageukia abiria kuwauliza kama wamesikia.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Tulipokaribia Miyombo tukakuta maji yamepanda juu ya kivuko, rangi ya chai ya maziwa, yanateremka na magogo. Madereva wakazima injini. Hapo nilikata tamaa kidogo, maana Alhamisi ilikuwa inaisha na ng'ambo ile ndiyo kwetu.

Kando yetu alikuwa amekaa mzee wa Kimasai na ndama wake wachache, amevuka nao kabla maji hayajapanda. Nilijikunja. Mnakumbuka mwaka ule ng'ombe walipokula mahindi yetu yakiwa yanabeba. Mimi nakumbuka vizuri, tulikula mboga ya maboga mpaka mvua nyingine. Nikahamia upande wa pili wa mti.

Mzee Ndahani hakuhama. Aliuliza habari za ndama, na kumbe yule mzee ni wa tambarare ya kwetu, upande wa pili wa mtaro. Alituambia mtaro ule umewavunja miguu ng'ombe wake, na umemfungia njia ya maji, ndiyo maana anahamisha ndama kwa shemeji yake.

"Na huyu binti anakimbia nini?" akauliza.

"Ng'ombe wenu walikula mahindi yetu," nikasema kutoka nyuma ya mti. Sijui nani alilisema lile, nadhani matusi ya siku ile yalikuwa yamenilegeza.

"Walikula," akasema. Hakubisha. "Na mwanangu alikatwa panga kwenu."

"Alikatwa," nikasema, maana ni kweli.

Mzee Ndahani akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi mnavutana mkia. Ng'ombe mwenyewe ameshapakiwa kwenye gari."

Baadaye yule mzee wa Kimasai akafungua kibuyu, akanywa, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja akanipa. Maziwa mgando yale yalikuwa na harufu ya moshi na makali ya kukunja uso. Nikayanywa yote yaliyobaki, halafu nikaona aibu. Aliahidi kuja kwetu Ijumaa. Hakuja, na simlaumu, maana ndama hawajui Ijumaa.

Maji yalipungua karibu na alfajiri. Tukavuka kwa miguu tumeshikana mikono, mzee mgongoni kwa utingo, akimwambia utingo, "Taratibu, mwanangu, umebeba mali ya Wanyamwezi."

Kambi Nne, Ijumaa

Tulifika watu wa kampuni wameshafika. Greda ilikuwa inaunguruma, masanduku mapya yamepangwa chini, vijana wa kazi kutoka mbali wameshika machepe, na mgambo wamesimama na mtendaji wa kijiji. Watu wetu wote walikuwa upande mmoja. Bibi alikuwa amekaa chini karibu na kaburi la babu. Aliponiona alisogea kumpa mzee nafasi.

Meneja akafurahi. "Ndiye huyu mtani? Karibu mzee. Tunakungoja wewe tu. Fungua la kwanza kimila, vijana watamalizia."

Mzee Ndahani akazunguka kaburi. Akaligonga kwa fimbo. "Kalunde! Umelala? Wamekuletea sanduku. Wewe na sanduku wapi na wapi, ulizoea mkeka." Watu wakaanza kucheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Kisha akapanda juu ya kaburi akakaa, akanyoosha miguu.

"Sifungui," akasema.

"Mzee, mlisema—"

"Walisema anayefungua ni mtani. Mtani nimekuja, nimemwangalia mtumwa wangu, amelala vizuri, sifungui. Na hawa vijana, atakayeshusha chepe hapa, yeye na wanawe nawachukua wanilimie Dodoma mpaka nichoke."

Alisema kwa mzaha, lakini vijana wa kazi walitazamana. Nao wana makwao, wanajua mzaha wa mtani kaburini si wa kupuuza. Mmoja akachomeka chepe chini akakaa. Wa pili akakaa.

Meneja akavua miwani. "Jamani, utani una mwisho. Nimewaheshimu. Hapa pana mwenyewe kisheria, na nyinyi mnajua hamkutokea hapa." Akawageukia mgambo. Kisha akaniona mimi nimesimama karibu. "Wewe binti ndiye uliyemleta. Mwambie ashuke, kabla mambo hayajaharibika."

Watu wote wakanitazama. Kidole cha mguu kikaanza kuchora. Lakini wakati anasema nilikuwa nimesikia lafudhi yake, ile ya pwani, nikauliza jambo moja, kwa sauti ndogo kabisa:

"Wewe bwana, kwenu ni wapi?"

"Mimi?" akashangaa. "Kisarawe. Mzaramo. Inahusu nini?"

Mzee Ndahani akapiga paja lake juu ya kaburi. Bibi akaguna "Ee!" Hata mtendaji aliinamisha kichwa kuficha meno. Maana kila mtu hapa anajua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikusema mbele za watu huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Nikamwambia: "Kumbe wewe ni mtumwa wangu, na hukusema! Umeuza mashamba yote ya kwenu ukachezea ngoma. Hela imekwisha, sasa umekuja kuuza ya mtani wako?"

Watu walilipuka. Nikaona uso wa Meneja ukipigana, unataka kuwa wa kazi, lakini pembe za mdomo zinamponyoka.

"Wanyamwezi bwana," akasema mwisho, naye ikabidi aingie. "Mlikuja huku na mizigo kichwani mkasahau kurudi."

"Hatukusahau," nikasema. "Tuliwekwa chini. Yule pale amelala. Mwamshe wewe umwambie arudi Tabora, akiamka tutamfungia mizigo."

Hapo hawakucheka. Sikusema kwa ukali, lakini kicheko kilikuwa kimewafungua, na lile neno likaingia pale palipofunguka. Mama Zuhura akatoka upande wetu, akaenda akakaa juu ya kaburi la mumewe. Wa pili akafuata. Wale vijana waliolazwa kituoni wakakaa kwa baba zao. Punde hapakuwa na kaburi lisilo na mtu, na wasio na maiti pale wakakaa katikati, njia nzima ya greda.

Mgambo mmoja akamwuliza Meneja, "Tuwatoe?" Meneja akaivaa tena miwani yake.

"Leo sichimbi," akasema. "Siwezi kumtoa mtani juu ya kaburi, hata kwetu nitachekwa." Kisha akasogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, na hii haikuwa ya utani: "Lakini walionituma mimi si watani zako, binti. Watatuma mwingine."

"Watume," nikamwambia. "Naye atakuwa na kwao."

Greda ilizimwa ikabaki palepale barabarani, na ipo mpaka leo. Wanaosema tumeshinda wanajidanganya, na wanaosema tunajisumbua bure hawajaja kutuona. Kila asubuhi wawili wetu wanakwenda kukaa makaburini, kwa zamu, na kazi zao za mikono. Mzee Ndahani amekataa kurudi Mikumi, anasema mtumwa wake hana wa kumpigia soga. Jumamosi ile ile, matope ya Miyombo hayajakauka miguuni mwangu, mimi na bibi tuliingia bondeni tukapandikiza mpunga. Tumepandikiza mpaka kwenye kigingi cha kampuni, na tulipokifikia tukakizunguka, tukaendelea.